Biskuti za Watu wa Zama za Mawe

Karibuni tena katika mazungumzo yetu ya chakula na afya. Kama birika liko jikoni liache liendelee kuchemka, maana mada ya leo inakwenda vizuri na chai.

Nianze na swali. Mtu amekata shauri kula kama walivyokula watu wa Zama za Mawe, wale waliowinda, wakachimba mizizi na kuokota matunda kabla jembe halijajulikana duniani. Mkate ameuacha. Wali ameuacha. Maharage, maziwa na sukari, vyote ameviweka kando. Halafu saa kumi jioni, chai iko mezani, roho inamwambia: biskuti! Afanyeje?

Wamarekani wamempatia jibu: aende dukani akanunue. Zipo biskuti za pakiti, zimeokwa kiwandani, zimefungwa kwenye nailoni inayong'aa, na mbele zimeandikwa paleo, yaani zinamfaa anayefuata mlo wa kale. Biskuti za dukani za mtu wa pangoni! Cheka kwanza, nakusubiri.

Haya. Ukishamaliza kucheka tuzungumze, kwa sababu ndani ya pakiti hizo mna mambo yanayokuhusu hata kama hujawahi kuusikia mlo huu. Wapo wanaozinunua kwa sababu za kiafya zinazoeleweka kabisa. Wapo pia wanaozinunua wakidhani hazina sukari. Hawa wa pili ndio hasa ninaotaka kuzungumza nao leo.

Lakini kwanza, mlo wenyewe umetoka wapi?

Mwaka 1975 daktari Mmarekani wa magonjwa ya tumbo, Walter Voegtlin, alichapisha kwa fedha zake mwenyewe kitabu kilichowahimiza watu wale kama wa Zama za Mawe. Hakikutikisa mtu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1985, Boyd Eaton na Melvin Konner waliandika makala katika New England Journal of Medicine, jarida kubwa la madaktari, na safari hii watu wakasikiliza. Hoja yao ilikuwa hivi: mwili wa binadamu umejengeka katika muda mrefu mno wa kuwinda na kukusanya, kilimo kimeanza miaka kama 10,000 tu iliyopita, na chakula cha kiwandani kimekuja juzijuzi. Je, si ndiyo maana maradhi ya moyo, kisukari na unene vinatusumbua? Mwaka 2002 Loren Cordain, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Colorado State, akatoa kitabu chake The Paleo Diet, na jina hilo likashika.

Masharti yake ni mepesi kuyataja, magumu kuyafuata. Ruhusa: nyama, samaki, mayai, mboga za majani, matunda, mbegu, lozi, korosho. Marufuku: nafaka zote, jamii yote ya kunde, maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa, sukari ya kiwandani, na vyakula vilivyosindikwa. Angalia hapo: korosho ruhusa, karanga marufuku, kwa kuwa karanga ni jamii ya kunde. Kwa hiyo ukienda na masharti hayo kwenye sinia la kashata pale forodhani, kashata ya karanga imeanguka mtihani mapema. Ya nazi ingefaulu, isipokuwa sukari yake ndiyo inayoiponza.

Umeisikia ile marufuku ya mwisho? Vyakula vilivyosindikwa. Sasa biskuti ya kiwandani imepenya wapi?

Imepenya hivi. Watengenezaji walichukua orodha ya marufuku, wakatafuta mbadala wa kila kitu. Unga wa ngano ukatoka, ukaingia unga wa lozi, au unga wa nazi, au wa muhogo. Siagi ikatoka, yakaingia mafuta ya nazi. Sukari nyeupe ikatoka, ikaingia sukari ya nazi, asali, tende, au utomvu uliochemshwa wa mti wa mepo wa huko Kanada na kaskazini ya Marekani. Hata unga wa kuumulia keki ukatazamwa kwa jicho kali, kwa sababu wenye viwanda huuchanganya na wanga wa mahindi, na mahindi ni nafaka. Basi wakarudi kwenye magadi soda na tone la siki au ndimu. Mwisho wa yote hayo, biskuti ikatoka tanurini ni ya mviringo, ni tamu, inavunjika kwa mlio. Na hakuna hata kiambato kimoja ndani yake kilichokatazwa kwa jina.

Kwetu sisi watu wa pwani orodha hiyo inaweza kutufanya tutabasamu. Muhogo? Nazi? Asali? Tende? Hivyo si vitu vya duka la watu maalumu, hivyo ni vitu vya sokoni. Hata hiyo sukari ya nazi, ambayo Marekani inauzwa kwa bei ya kushtua, tunaijua asili yake. Mgema anapanda mnazi, anakata karara, utomvu unadondoka kwenye kibuyu. Ukinywewa palepale ni tembo tamu. Ukiachwa, mnajua wenyewe unageuka nini. Ukichemshwa mpaka ukauke, ndiyo sukari hiyo, na Indonesia na Ufilipino wanaitengeneza kwa wingi.

Sasa tuulizane kidogo. Mtu wa Zama za Mawe alikula hivyo kweli? Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulifika Afrika kwa merikebu za Wareno katika karne ya 16. Lozi za porini ni chungu na zina sumu. Hizi tamu tunazosaga unga ni kazi ya wakulima wa maelfu ya miaka, na siku hizi sehemu kubwa ya lozi za dunia nzima inatoka jimbo moja tu, California. Kwa maneno mengine, biskuti ya kukimbia kilimo imejengwa kwa mazao ya kilimo.

Na yale yaliyokatazwa, je? Mwaka 2009 mtafiti Julio Mercader alieleza alichokipata katika pango la Ngalue, Msumbiji, upande wa Ziwa Nyasa: zana za mawe zenye chembe za wanga wa mtama, za miaka zaidi ya 100,000. Wapo wataalamu wanaobisha kama mtama huo ulikuwa chakula hasa. Lakini mwaka 2018 watafiti wengine walitangaza makombo ya mkate yaliyoungua, kutoka Shubayqa, Jordan, ya miaka zaidi ya 14,000. Hesabu mwenyewe: hiyo ni miaka kama 4,000 kabla ya kilimo. Watu waliokota ngano ya porini, wakaisaga pamoja na mizizi ya mimea ya majini, wakaoka. Hawakungoja shamba ili wapate kitafunwa.

Na tusiende mbali. Hapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, ambao baadhi yao mpaka leo wanaishi kwa kuwinda na kukusanya. Waandishi wa vitabu vya mlo wa kale huwataja sana. Wanakula nini? Nyama, ndiyo, siku mshale ukikubali. Lakini pia mizizi wanayochimba akina mama, matunda ya porini, ubuyu, na mbegu za ubuyu ambazo hutwangwa zikawa unga. Na asali! Asali wanaipenda kuliko vyote. Wanamfuata ndege mlembe, anayewaita kwa mlio wake na kuwaongoza mpaka kwenye mti wenye nyuki. Msimu wa asali ukifika wanakula asali kwelikweli.

Hapo mtu wa biskuti anaweza kuniruka: unaona? Hata wawindaji wanakula utamu! Sawa, wanakula. Ila Mhadzabe huyo ametembea kutwa, amepanda mbuyu kwa vigingi alivyopigilia mwenyewe, ameumwa na nyuki, na kilichopatikana anagawana na kambi nzima. Wewe umenyoosha mkono kabatini.

Basi, historia tuiache hapo. Tuje kwenye pakiti. Na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndicho kiini cha mazungumzo ya leo. Neno paleo lililo mbele ya pakiti linakwambia kitu kimoja tu: hiki hakina vitu tulivyokubaliana kuvikataza. Halikwambii kwamba kina sukari kidogo. Halikwambii kwamba hakinenepeshi. Narudia: halikwambii kuhusu sukari, halikwambii kuhusu unene.

Hata kisheria neno lenyewe limekaa ovyo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, haijaweka tafsiri rasmi ya neno paleo kwenye vyakula. Nembo za uthibitisho unazoziona kwenye baadhi ya pakiti zinatolewa na taasisi binafsi, ambazo zimejiwekea vigezo vyake. Sisemi ni za uongo. Nasema si za serikali.

Sasa sukari. Sukari ya nazi ni nini ukiichunguza? Kwa sehemu kubwa kabisa ni sukari ileile ya miwa kwa asili yake ya kikemia, pamoja na madini kidogo na ile ladha yake nzuri ya kuungua. Kijiko chake cha chai kina kalori karibu sawa na cha sukari ya kawaida. Asali nayo, tunaipenda na tunaiheshimu, lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeihesabu pamoja na sukari nyingine zinazofaa kupunguzwa. Mwongozo huo unataka sukari za namna hiyo zisizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa siku, na zikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai. Sita kwa siku nzima, pamoja na chai uliyokoroga asubuhi na soda uliyokunywa mchana!

Kwa hiyo msikilizaji, pakiti igeuze. Mbele kuna matangazo, nyuma kuna habari. Kwa pakiti za Marekani tafuta mstari wa sukari iliyoongezwa; kanuni za huko zinautaka uwepo, na sukari ya nazi imo humo, asali imo humo. Gramu nne ni kijiko kimoja cha chai. Ukikuta gramu nane, hivyo ni vijiko viwili. Kisha tazama ni kwa biskuti ngapi. Mara nyingi hesabu hiyo ni ya biskuti mbili tatu tu, na nani kati yetu anakula mbili?

Halafu soma orodha ya viambato. Kwa sheria, kilicho kingi zaidi kwa uzito hutajwa kwanza, kinachofuata baadaye, mpaka cha mwisho. Ukikuta sukari ya namna yoyote imeshika nafasi ya kwanza au ya pili, unajua unakula nini. Lakini upo ujanja mmoja wa kuujua. Mtengenezaji anaweza kutumia sukari ya nazi kidogo, asali kidogo, shira ya muhogo kidogo, utomvu wa mepo kidogo. Kila moja ikishuka chini kwenye orodha, unga wa lozi unabaki juu unang'ara. Ni kama mtu anayedaiwa laki moja anayekwambia hana deni kubwa: ana wadai watano tu, kila mmoja elfu ishirini. Wewe zijumlishe zote ndipo umjibu.

Nisiwe mtu wa kuponda tu, maana biskuti hizi zina mazuri yake. Unga wa lozi una protini na nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe wa ngano, na wanga wake ni kidogo sana. Biskuti iliyookwa kwa unga huo inashibisha mapema, na kwa kawaida haipandishi sukari ya damu kwa kasi ya biskuti ya ngano iliyokobolewa. Hilo ni jema. Ila unga huohuo wa lozi ni mzito kwa mafuta. Gramu 100 za unga wa ngano zina kalori 360 hivi. Za unga wa lozi zinakaribia 600. Ongeza mafuta ya nazi, na biskuti ndogo inabeba mzigo mkubwa. Anayefuata mlo huu ili apungue, akaja kumaliza pakiti nzima kwa kuwa imeruhusiwa, asiilaumu mizani. Na ile iliyookwa kwa wanga wa muhogo zaidi kuliko lozi haina hata nafuu hiyo ya sukari ya damu, maana wanga ni wanga.

Kwa nini basi zinauzwa sana? Kwa sababu mlo wenye marufuku nyingi huacha pengo, na pengo ni soko. Tazameni hili, linanifurahisha kila nikilifikiria. Hu, kampuni ya New York iliyojijengea jina kwa chokoleti na vitafunwa visivyo na nafaka, mwaka 2021 ilinunuliwa na Mondelez, wenye biskuti za Oreo. Siete, iliyoanzishwa na familia ya Garza huko Austin, Texas, kwa chapati za Kimeksiko za unga wa lozi, ilinunuliwa na PepsiCo. Mkataba ulitangazwa mwaka 2024, kwa dola bilioni 1.2. Simple Mills, wanaotengeneza biskuti za unga wa lozi na mbegu, mwaka 2025 ilikwenda kwa Flowers Foods. Unawajua Flowers Foods? Ndio wenye Wonder Bread, mkate mweupe laini wa Marekani. Muuza mkate mweupe sasa anamuuzia pia aliyeukimbia mkate mweupe. Wahenga wetu walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi sisemi wamelitia maji. Nasema tu mgema amebadilika, na mwenye kusoma nyuma ya pakiti aendelee kusoma.

Sasa nani hasa anazihitaji? Nadhani kuna watu wawili. Wa kwanza ni yule ambaye mlo huu umemsaidia: ameacha soda, ameacha vibanzi vya kila siku, anakula mboga na samaki, na jioni moja moja anataka kitu kitamu asijione amevunja mwiko. Huyo ale biskuti zake mbili kwa raha. Azile kama biskuti, si kama dawa. Wa pili ni mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni ya ngano, shayiri na rai inamdhuru utumbo. Kwake biskuti isiyo na nafaka ni neema. Lakini huyu neno paleo lisimtoshe! Unga wa lozi unaweza kusagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Yeye atafute maneno yanayosema haina gluteni, ambayo Marekani yana maana kisheria tangu kanuni ya mwaka 2013: gluteni iwe chini ya sehemu 20 katika milioni. Neno hilo lina kipimo. Neno paleo halina.

Na yupo wa tatu, ambaye nimemwona zaidi katika simu mnazotupigia. Huyu amesikia kwamba mlo wa kale ni mzuri, ameacha maharage, ameacha kunde, choroko na dengu, na badala yake ananunua vitafunwa ghali vya pakiti. Ndugu yangu, hapo umebadilishana vibaya. Maharage yana protini, yana nyuzinyuzi, yana bei ya mtu wa kawaida. Kama hayakudhuru na daktari hajakukataza, sioni sababu ya kuyafukuza mezani ili kuipisha biskuti, hata ikiwa imeandikwa jina la mababu wote wa Bonde la Oltupai.

Bei nayo tuitaje kwa kifupi. Huko Marekani pakiti ya biskuti hizi huuzwa mara mbili ya biskuti ya kawaida au zaidi, na mara nyingi pakiti yenyewe ni ndogo. Sehemu ya bei hiyo ni halali, kwa sababu lozi ni ghali kuliko ngano. Sehemu nyingine unalipia neno.

Mama mmoja ametuuliza kwa ujumbe: mwanangu yuko masomoni Marekani, ananiambia anakula hizi, je nimkataze? Usimkataze, mama. Muulize tu maswali mawili. Je, ana mzio wa lozi, korosho au jamii hiyo? Maana biskuti nyingi za namna hii zina mojawapo, na mzio wa lozi unaweza kumlaza mtu hospitali ndani ya dakika chache. Na je, anakula ngapi kwa mkao mmoja? Akikujibu mbili au tatu, msalimie. Akikujibu hajui, mwambie aache kulia kwenye pakiti. Atoe anazotaka, aweke kwenye sahani, pakiti irudi kabatini.

Muda wetu umekwisha, wasikilizaji. Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza kuhusu mafuta ya kupikia: yapi ya kukaangia, yapi ya kumwagia kwenye kachumbari, na yaliyokaangiwa jana yafanyweje. Maswali yenu tumeni mapema. Mpaka hapo, kwaherini, na chai njema.